Aliyesikiliza Nyimbo za Wengine

Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni. Masomo: Zaburi 137, Yeremia 29:4-7, Warumi 12:15.

Sisi wa ushirika mdogo wa Griftu, upande wa magharibi ya Wajir, twajua maana ya kuishi mbali na kwetu. Wengi wetu tulizaliwa penye migomba na mvua nyingi, na sasa twaishi katika nchi kavu ya miiba na ngamia, kati ya majirani wenye lugha nyingine na dini nyingine. Kwa hiyo Zaburi ya 137 tunaisoma kama watu wanaosoma barua iliyoandikwa na ndugu yao.

Mnaikumbuka Zaburi hiyo. Wana wa Israeli wamechukuliwa mateka. Wameketi kando ya mito ya Babeli wakilia, na vinubi vyao wamevitundika mitini. Waliowateka wanawataka waimbe wimbo mmoja wa Sayuni. Nao wanaulizana watawezaje kumwimbia Bwana katika nchi ya ugeni. Swali hilo ni la kweli. Mtu aliyeng'olewa kwao hupoteza sauti kabla hajapoteza kitu kingine. Aweza kula, aweza kufanya kazi, lakini kuimba kunamshinda.

Leo tunataka kumkumbuka mtu mmoja wa taifa hilo hilo la Daudi, ambaye naye aling'olewa kwao, akaja kuishi katika Afrika yetu ya Mashariki. Jina lake ni Klaus Wachsmann. Alikuwa mtu wa ukoo wa Kiyahudi, mpenda muziki, mwenye mke na watoto, na kwa miaka mingi alifanya kazi pamoja na misheni za Kiprotestanti nchini Uganda. Amekwisha kufariki zamani, na vijana wetu wengi hawajapata kulisikia jina lake. Lakini tukimtazama vizuri tutaona jinsi alivyolijibu swali lile la Babeli, na jibu lake lina faida kwetu tulio Griftu.

Alizaliwa mjini Berlin, Ujerumani, tarehe 8 Machi 1907. Huko alisoma elimu ya muziki, akawa na waalimu wakubwa, mmoja wao Erich von Hornbostel, aliyekuwa akikusanya sauti za nyimbo za mataifa mengi ya dunia. Kijana Wachsmann alikuwa na njia njema mbele yake. Ndipo mwaka 1933 Wanazi wakashika serikali. Mwezi wa Aprili mwaka huo wakatoa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali. Na ili kumhesabu mtu kuwa si wa damu yao, ilitosha awe na babu mmoja tu au bibi mmoja tu aliyekuwa Myahudi. Hawakuuliza mtu anaamini nini. Hawakuuliza kama amebatizwa. Hawakuuliza kama ni mwema au mbaya. Waliuliza tu, baba yako ni nani, na babu yako ni nani.

Wapendwa, hapa tusipite haraka. Mwezi wa Septemba 1933 sinodi ya Kanisa la Kiprotestanti la Prussia nalo lilipokea sheria ya namna hiyo, kwamba mchungaji wa damu ya Kiyahudi asihudumu. Walikuwapo wachungaji waliokataa, na kati yao twawakumbuka Martin Niemöller na Dietrich Bonhoeffer. Lakini wengi walinyamaza. Waliendelea kuimba Zaburi kila Jumapili, Zaburi zilizotungwa na Wayahudi, huku majirani zao Wayahudi wakifukuzwa kazini, na baadaye wakipelekwa kwenye mauti. Wimbo ulikuwa mdomoni, wala haukushuka moyoni. Tunalitaja jambo hili si kwa kuwahukumu Wajerumani, bali kwa kuwa kanisa lolote laweza kuimba vizuri na kukosa kusikia mlio wa mtu aliye mlangoni.

Basi Wachsmann akatoka Berlin. Akaenda Fribourg, katika nchi ya Uswisi, akamaliza masomo yake huko mwaka 1935 kwa kuandika juu ya nyimbo za kale za ibada za Kikristo. Kisha akaenda London kujifunza lugha za Kiafrika, na mwaka 1937 akafika Uganda. Alikuwa mtu wa miaka 30. Nyuma yake palikuwa na nchi iliyomkataa. Mbele yake palikuwa na nchi asiyoijua.

Mtu wa namna hii tungemtazamia afanye nini? Angeweza kutundika kinubi chake mtini na kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu. Au angeweza kushika muziki wa kwao kwa nguvu na kuwafundisha watu wa Uganda kwamba huo ndio muziki, na mwingine wote ni makelele. Wageni wengi walifanya hivyo, na baadhi yao walikuwa watumishi wa Mungu waliodhani wanafanya vema. Mwajua jinsi katika makanisa mengi ya kwetu ngoma ilivyokatazwa, zeze likaachwa nje ya mlango, na watu wakapewa nyimbo za Ulaya zilizofasiriwa. Nyimbo hizo tunazipenda, nazo zimetulea. Lakini tazameni shida iliyotokea kwa lugha kama Kiganda. Katika lugha hiyo sauti ya neno hupanda na kushuka, na kupanda huko na kushuka ni sehemu ya maana yake. Neno linalotaka kushuka likivutwa juu na wimbo wa kigeni, laweza kuharibika, hata msikilizaji asijue limesema nini. Hivyo mtu aliimba habari njema kwa bidii, na mama yake aliyeketi nyuma asielewe.

Wachsmann alichagua njia ya tatu. Alisikiliza.

Alikuwa mwenye elimu kubwa ya muziki, lakini aliketi chini ya wapigaji wa Uganda kama mwanafunzi. Alifanya kazi ya elimu kwa ajili ya misheni za Kiprotestanti, akawa katibu wao wa elimu, na tangu mwaka 1948 hadi 1957 akawa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda mjini Kampala. Katika miaka hiyo alizunguka nchini na chombo cha kunasia sauti, na vyombo vya siku zile vilikuwa vizito, si kama hivi tunavyotia mfukoni leo. Alinasa nyimbo za Waganda na za makabila mengine mengi, za ikulu na za vijijini. Jumla yake yapata 1,500.

Tuwape mfano mmoja wa usikivu wake. Kule Buganda kuna kinubi kiitwacho ennanga, chenye nyuzi 8, ambacho kilipigwa mbele ya Kabaka. Mgeni wa Ulaya akikisikia hudhani nyuzi zake hazikukazwa sawasawa, kwa maana hazilingani na kinanda cha kanisani kwake. Angetamani kuzirekebisha. Wachsmann hakurekebisha neno. Alipima. Akaona kwamba hatua kati ya sauti moja na nyingine zinakaribia kulingana, kwa mpango wake wenyewe, tena mpango wa uangalifu mkubwa. Mwaka 1950 akaitangaza habari hiyo katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature. Kumbe kile kilichodhaniwa kuwa makosa kilikuwa ni utaratibu wa namna nyingine.

Ndugu msikilizaji, ni mara ngapi tumewasikia majirani zetu na kusema moyoni kwamba nyuzi zao hazikukazwa sawa? Ni mara ngapi tumetaka kurekebisha kabla ya kupima? Mwenye hekima husikiliza kwanza. Yakobo mtume ametuagiza tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema, lakini wengi wetu tumeligeuza agizo hilo.

Jambo la pili. Wachsmann hakutaka muziki ukae kabatini. Katika Makumbusho ya Uganda ala za muziki hazikuwekwa nyuma ya kioo tu, kama mifupa ya mnyama aliyekufa. Wapigaji wenyewe waliajiriwa wakae pale, wapige, na wafundishe. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, ambaye kwa mikono yake watu wengi wa Afrika na wa Ulaya walijifunza. Makumbusho hayo yalihamia jengo lake jipya mwaka 1954, na aliyelichora jengo hilo ni Ernst May, mtu mwingine wa ukoo wa Kiyahudi aliyetoka Ujerumani na kuishi Afrika Mashariki. Tazameni basi, watu wawili ambao serikali ya kwao haikuwataka, mmoja akawajengea watu wa Uganda nyumba, na mwingine akaijaza nyimbo zao wenyewe.

Na hapa tungependa kuwasimulia juu ya marimba ya Buganda iitwayo amadinda. Ina mbao 12, na hupigwa na watu watatu. Wawili huketi wakielekeana. Wa kwanza hupiga fungu lake, nalo ni jepesi, mtoto aweza kulishika. Wa pili huingiza fungu lake katikati, kila pigo lake likiangukia penye nafasi aliyoacha mwenzake. Kila mmoja peke yake si kitu cha ajabu. Wakipiga pamoja, masikio yako yanasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Na yule wa tatu? Kazi yake ni kusikiliza. Anazitega zile sauti za chini kabisa zinazotokea katika mapigo ya wale wawili, kisha anazirudia juu, kwenye mbao mbili ndogo za mwisho. Asiposikiliza hawezi kupiga hata pigo moja.

Mtume Paulo alitufundisha habari za mwili mmoja wenye viungo vingi. Tukiwa na shida ya kufahamu fundisho hilo, twende tukawatazame watu watatu wa amadinda. Mume na mke nyumbani, mchungaji na wazee wake, Mkristo na jirani yake Mwislamu katika mtaa mmoja wa Griftu: kila mmoja analo fungu lake, na amani haipigwi na mmoja. Hutokea katikati. Lakini pasipo mtu wa tatu, yule anayesikiliza na kurudia, watu hawatajua kwamba wimbo umekwisha kutokea.

Jambo la tatu ni nyumba yake. Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli barua, nayo tunayo katika sura ya 29. Hakuwaambia walie siku zote, wala hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wazae wana na mabinti, na wautakie amani mji ule waliopelekwa, kwa sababu amani ya mji huo itakuwa amani yao. Klaus Wachsmann na mkewe walilea watoto katika nchi ya ugeni. Mwanawe Philipp alizaliwa Uganda mwaka 1944. Fikirini mwaka huo ulivyokuwa. Kule Ulaya ndio mwaka ambao Wayahudi kwa maelfu walikuwa wakiuawa kila wiki, watoto kwa wazee. Na huku Uganda, katika nyumba ya mtu wa damu hiyo hiyo, mtoto alilia na mama akamnyonyesha. Mtoto huyo alikua, akawa mpiga fidla anayejulikana katika Ulaya. Wanazi walitaka kuunyamazisha wimbo wa nyumba hiyo, na Mungu akauhifadhi chini ya mbingu ya Afrika. Kumbe nyumba ya mkimbizi yenye upendo na muziki ndani yake ni ushuhuda mkubwa kuliko hotuba nyingi.

Wachsmann aliondoka Uganda mwaka 1957. Alifanya kazi London, kisha akafundisha katika vyuo vikuu viwili vya Marekani, California kule Los Angeles na Northwestern karibu na Chicago. Mwaka 1977 wenzake na wanafunzi wake walimtungia kitabu cha makala kama sadaka yao kwake, na katika jina la kitabu hicho hawakumwita mkuu wala bingwa, bali walimwita mtu wa utu. Tunadhani hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo kwa mtu ambaye zamani serikali ya kwao ilimwambia kwamba si mtu kamili. Alifariki Uingereza tarehe 17 Julai 1984.

Lakini kazi yake haikufa. Sikilizeni. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Uganda yaliishambulia ikulu ya Kabaka kule Mengo. Kabaka Mutesa akakimbia, akafa London mwaka 1969. Wapigaji wa ikulu wakatawanyika, ala nyingi zikapotea, na mwaka uliofuata falme zote zikafutwa, hata ziliporudishwa mwaka 1993. Kwa miaka hiyo karibu 30 nyimbo nyingi hazikuwa na mahali pa kupigwa. Ziliponea wapi? Nyingine zilikaa katika vidole vya wazee kama Muyinda. Na nyingine zilikuwa katika sauti alizozinasa yule mkimbizi wa Berlin, zikihifadhiwa London. Katika karne hii nakala zake zimerudishwa Kampala, zikawekwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi ya muziki iliyopewa jina lake. Mjukuu wa Uganda leo aweza kumsikia babu yake akipiga kinubi. Alichokisikiliza mgeni kwa upendo kimekuwa urithi wa wenye nyumba.

Sasa, wapendwa, tugeuze uso tutazame kwetu.

Mwaka huo huo 1984 alipofariki mtu huyu, sisi wa Wajir tunaukumbuka kwa jambo jingine. Kuanzia tarehe 10 Februari, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka vijiji vya nchi hii, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa pasipo chakula wala maji, na wengi sana waliuawa. Serikali ya wakati ule ilisema waliokufa ni 57. Waliozika jamaa zao wanahesabu kwa mamia. Waliulizwa nini watu hao kabla ya kutengwa? Hawakuulizwa wamefanya nini. Waliulizwa baba yako ni nani, na ukoo wako ni upi. Ni swali lile lile la Berlin.

Na swali hilo lilirudi tena, mara hii likiwaelekea wageni. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilisimamishwa karibu na Mandera, abiria wasio Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi vijana. Makanisa yetu yalilia. Walimu wengi waliondoka Kaskazini Mashariki, na hatuwezi kuwalaumu. Sisi tuliobaki twajua jinsi moyo unavyodunda gari linaposimama mahali pasipo kituo.

Lakini tusikome hapo, maana habari haikukoma hapo. Tarehe 21 Desemba 2015 watu wenye silaha walilisimamisha basi lingine karibu na El Wak, wakawaamuru Waislamu wasimame upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Abiria Waislamu wakakataa kutengwa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo, na mwezi wa Januari 2016 akafariki. Alikuwa mwenye mke na watoto. Alipoulizwa swali la Berlin na la Wagalla, hakulijibu. Alikataa swali lenyewe. Bwana wetu alisema nini juu ya mtu autoaye uhai wake? Sisi sote tunalijua neno hilo kwa moyo. Basi na tumheshimu aliyelitenda.

Pengine yuko msikilizaji anayeuliza: Je, mnatuambia kwamba imani zote ni sawa? Mbona leo mmetuletea Myahudi na Mwislamu katika mazungumzo ya Kikristo? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Hatusemi kwamba imani zote ni moja. Twamkiri Yesu Kristo kuwa Bwana, na hapa Griftu tunamkiri tukiwa wachache. Lakini huyo Bwana tunayemkiri alizaliwa na mama Myahudi, akafundishwa Zaburi magotini pake, na kabla ya kwenda mlima wa Mizeituni aliimba pamoja na wanafunzi wake nyimbo za taifa lake. Paulo katika Warumi sura ya 11 anatuonya sisi tuliopandikizwa katika mzeituni tusijisifu juu ya matawi, kwa maana si sisi tunaolichukua shina. Mhubiri anayesimama madhabahuni na kulitaja taifa la Wayahudi kwa dharau tu amesahau kitabu alichokishika ni cha nani. Na yule aliyeonyeshwa kwetu kuwa mfano wa jirani mwema alikuwa Msamaria, mtu wa ibada nyingine. Bwana mwenyewe ndiye aliyemweka katika mfano ule. Basi kumsikiliza jirani si kuiacha imani. Ni kuitii.

Tunaomba mjaribu mambo matatu.

La kwanza, jifunzeni kusikiliza nyimbo za mahali mlipo. Majirani zetu Wasomali ni watu wa mashairi. Wanaponywesha ngamia hushuka kisimani, hupokezana maji, na huimba, na nyimbo za kunywesha zina mpango wake kama vile ibada ilivyo na mpango wake. Ngamia wenyewe huzijua. Mwalimu aliyekaa hapa miaka mitano asijue hata wimbo mmoja wa kisimani, huyo ametundika kinubi chake na pia ameziba masikio yake. Nenda ukasikilize. Uliza maana ya maneno. Mzee atafurahi kuulizwa.

La pili, jifunzeni salamu. Kwa Kisomali watu huamkiana kwa kuulizana kama ni amani, ma nabad baa. Kwa Kiebrania cha Daudi neno la salamu ni shalom, yaani amani. Sisi kwa Kiswahili tunapeana salamu, na neno hilo lilitokana na Kiarabu, nalo lina amani ndani yake. Lugha tatu, na kila mtu anamwuliza mwenzake jambo moja. Tukilijibu kila asubuhi kwa moyo safi, tutakuwa tumeanza kuitimiza barua ya Yeremia.

La tatu, lieni pamoja na wanaolia. Neno la Warumi 12:15 halikusema tulie na washirika wetu peke yao. Mwezi wa Februari, familia nyingi za Wajir zinapowakumbuka watu wao wa Wagalla, twendeni tukae nao. Tusiende kuhubiri. Tuketi, tusikilize majina. Jina la marehemu likitajwa mbele ya mgeni anayesikiliza, mfiwa hupata nguvu kidogo. Nasi tunapowataja vijana wetu wa Garissa, tuwaache majirani waje waketi nasi. Wako tayari kuja kuliko tunavyodhani.

Wapendwa wasikilizaji, watu wa Babeli waliuliza watawezaje kumwimbia Bwana katika nchi ya ugeni. Klaus Wachsmann hakuandika maelezo ya Zaburi hiyo, lakini tukiyatazama maisha yake twapata jibu: aanze kwa kuusikiliza wimbo wa wenyeji. Atakayeanza hivyo, ataona siku moja kwamba nchi si ya ugeni tena kama ilivyokuwa, na kinubi chake mwenyewe kimeshuka mtini bila yeye kujua.

Na tuombe.

Ee Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Daudi mpiga kinubi, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, tunakushukuru kwa watu waliofukuzwa kwao ambao hawakuruhusu chuki iwafunge midomo wala masikio. Tunakushukuru kwa mtumishi wako aliyehifadhi nyimbo za watu wasio wa kwao. Uwafariji wote waliofiwa, wa Wagalla, wa Mandera, wa Garissa, na jamaa ya yule mwalimu aliyekataa kututenga. Utupe sisi tulio wachache moyo usioogopa. Utufanye wepesi wa kusikia. Uubariki mji huu tunaokaa, kwa maana amani yake ndiyo amani yetu. Twaomba hayo katika jina la Yesu. Amina.